"Uzembe" au Ukiukaji wa Wajibu? Uhakiki wa Istilahi za Madai ya Fidia katika Matunzo ya Wazee

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki baadhi ya istilahi zinazotumiwa katika tafsiri za Kiswahili zihusuzo madai ya fidia, hasa madai ya mzee aliyedhurika akiwa katika makao aliyopelekwa ili atunzwe. Hatuna nia ya kumlaumu mfasiri yeyote. Wafasiri wengi huifanya kazi hii kwa haraka, na aghalabu hawana kamusi ya kutosha mezani. Hata hivyo, yafaa tuseme mapema kwamba istilahi za sheria hazifanani na istilahi nyingine. Mwandishi akikosea jina la mdudu katika kitabu cha elimu ya viumbe, mwalimu atalisahihisha darasani. Akikosea jina la haki, mwenye haki aweza kuipoteza asijue kamwe kwamba alikuwa nayo.

Suala hili linatudai mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, nchini Tanzania mambo yalibadilishwa na Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021. Sheria hiyo iliamua kuwa Kiswahili ndicho lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Kazi iliyoanzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa orodha ya istilahi za sheria mwaka 1968, sasa imekuwa kazi ya kila siku ya mahakimu, makarani na wafasiri. Pili, Kiswahili kimevuka bahari. Wako nchini Marekani wasemaji wengi wa lugha hii, wakiwamo wakimbizi wa Kongo waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda. Wengine wao wana wazazi waliozeeka na wanaohitaji uuguzi wa mchana na usiku. Wengine wameajiriwa kuwatunza wazee wa watu. Wote hao huletewa karatasi za Kiswahili ili wazisome na kutia sahihi. Kwa sababu hiyo tumechagua kutoa mifano yetu katika sheria za Marekani, ambako madai ya namna hii ni mengi na ambako tafsiri zetu zinatumika sasa hivi.

Jina la mahali

Tuanze na jina la mahali penyewe. Sisi tumezoea kusema "makazi ya wazee na wasiojiweza". Msomaji wa Tanzania akisikia maneno hayo atakumbuka Nunge kule Kigamboni, au Funga Funga kule Morogoro. Wa Unguja atakumbuka Sebleni na Welezo. Hayo ni makazi ya serikali, na desturi yake ni kuwapokea wazee wasio na jamaa wa kuwatunza. Mzee haingii humo kwa mkataba wa malipo, bali huingia kwa sababu taifa limeona si haki aachwe peke yake.

Makao tunayoyazungumzia katika sheria za Marekani ni kitu kingine. Humo mna wauguzi, mna dawa, mna mkataba, na mna ada ambayo hulipwa na mzee mwenyewe, na jamaa zake, au na mfuko wa umma uitwao Medicaid. Mfasiri akiyaita "makazi ya wasiojiweza", msomaji ataelewa kwamba mzazi wake anapewa sadaka. Na mpewa sadaka, kwa adabu zetu, halalamiki, sembuse kudai fidia.

Huko Kenya liko tatizo jingine. Jina la Kiingereza la makao hayo, likiandikwa juu ya mlango jijini Nairobi, mara nyingi huwa ni la hospitali ndogo ya binafsi, pengine ya kuzalishia. Kwa hiyo "hospitali ndogo" nayo haifai. Tunapendekeza "makao ya uuguzi". Neno "makao" laonyesha kwamba mtu anaishi humo, na "uuguzi" laonyesha kile anachostahili kupewa humo. Anayeishi humo aitwe "mkazi", asiitwe "mgonjwa" tu, maana sheria ya Marekani ya mwaka 1987 iliyotengeneza upya mambo ya makao hayo imemhesabu kuwa mtu mwenye haki ndani ya nyumba anamoishi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwezi Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri lililotoka Indiana, kuhusu mzee wa makao yanayomilikiwa na umma ambaye ilidaiwa kuwa alilegezwa kwa dawa bila sababu ya tiba na kuhamishwa bila utaratibu. Mahakama ilisema kwamba yale yaliyoandikwa katika sheria ya 1987 kuhusu mambo hayo ni haki hasa, ambazo mkazi wa makao ya aina hiyo aweza kuzidai mahakamani. Basi mfasiri aliyeandika "huduma nzuri" mahali palipostahili "haki" amemwondolea msomaji wake kile ambacho mahakama imemthibitishia.

Neno "uzembe"

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tuandike makala hii. Katika tafsiri nyingi, kosa ambalo humpa mtu haki ya kudai fidia huitwa "uzembe". Neno hili limeenea sana. Polisi wa usalama barabarani hulitumia kwa dereva, mkuu wa idara hulitumia kwa karani, na mwalimu hulitumia kwa mwanafunzi. Kuenea kwake ndiko kunakotufanya tulitazame kwa makini.

Uzembe ni tabia. Mzembe ni mtu mvivu, mlegevu, asiyejali kazi. Neno hili limo katika ukoo mmoja na ajizi, ambayo wahenga walituambia kuwa ni nyumba ya njaa. Anayemwita mwenzake mzembe amemhukumu moyo wake. Sheria ya madhara, ambayo Kenya na Tanzania ziliirithi kutoka Uingereza kama Marekani ilivyoirithi kabla yao, haiulizi swali la moyo. Inauliza maswali manne: je, mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua hadhari kwa ajili ya mdai? Je, aliukiuka wajibu huo? Je, ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara? Na madhara yenyewe ni yapi?

Mwaka 1932, katika shauri mashuhuri la chupa ya kinywaji iliyodaiwa kuwa na konokono, lililotokea Paisley huko Uskoti, Lord Atkin alieleza kuwa mtu hupaswa kuchukua hadhari ya kutosha asimdhuru jirani yake, na kwamba jirani ni yeyote ambaye mtu angepaswa kumfikiria anapotenda, kwa kuwa kitendo chake chaweza kumgusa. Hapo hapakuulizwa kama mwenye kiwanda ni mvivu au ni mchapakazi. Mtu aweza kuwa mchapakazi na bado akaukiuka wajibu wake.

Tutoe mfano wa kubuni. Katika makao fulani ya uuguzi, mhudumu mmoja ameachiwa wazee 30 usiku kucha. Anakimbia toka chumba hiki hadi kile, haketi hata kunywa maji. Miongoni mwa wazee hao yuko bibi asiyeweza kujigeuza kitandani. Kanuni ya siku nyingi ya wauguzi yasema kwamba mtu kama huyo ageuzwe takriban kila baada ya saa 2, ili uzito wa mwili usizuie damu mahali pamoja. Bibi huyu hageuzwi. Kidonda kinaanza kwa wekundu wa ngozi, kinachimba nyama, na baada ya majuma machache kinafika kwenye mfupa.

Bintiye anapokea karatasi ya Kiswahili isemayo: "Ili ulipwe fidia ni lazima uthibitishe uzembe wa mhudumu." Binti atajibu nini? Amemwona yule mhudumu kwa macho yake akihangaika. Huenda naye ni msemaji wa Kiswahili, jirani wa mtaa mmoja. Atasema: "Yule dada si mzembe, nami sitaki kumdhulumu." Ataikunja karatasi, na shauri litaishia hapo.

Lakini angalia sheria yenyewe inasemaje. Kanuni zilizotokana na sheria ya 1987 zinayataka makao yahakikishe kwamba mkazi aliyeingia bila vidonda vya kulalia havipati, isipokuwa hali ya ugonjwa wake ionyeshe kuwa havikuweza kuepukika. Swali, basi, ni kama kidonda kiliweza kuepukika, na kama makao yalifanya yapasayo ili kukiepuka. Je, waliajiriwa watu wa kutosha? Je, palikuwapo mpango wa kumgeuza bibi, na je, uliandikwa kila ulipotekelezwa? Neno "uzembe" linalifuta swali hilo na kuandika jingine mahali pake: ni nani mwenye tabia mbaya? Kwa swali hilo la pili mhudumu wa usiku ndiye atakayeonekana, na aliyepanga mtu mmoja kwa wazee 30 hataonekana kabisa.

Twaona, kwa hiyo, kwamba neno hili linawadhulumu watu wawili kwa pamoja. Linamnyima mzee dai lake, na linambandika mhudumu jina la aibu. Anayenufaika ni yule mwenye makao, ambaye jina lake halikutajwa.

Tunapendekeza istilahi "ukiukaji wa wajibu wa hadhari". Hadhari ni neno la watu wote. Kila mtu amekwisha kuambiwa achukue hadhari. Tena Kiswahili kina bahati hapa. Kiingereza hutumia neno moja kwa kumtunza mzee na kwa hadhari ya kisheria, hata mambo hayo mawili yakachanganyika. Sisi tunayo "matunzo" kwa lile la kwanza na "hadhari" kwa la pili, nasi tusiyachanganye kwa kumfuata Mwingereza. Aidha, tuitenganishe "dhima" na "wajibu". Wajibu ni kile mtu anachopaswa kutenda kabla ya ajali. Dhima ni mzigo unaomwangukia baada ya kutokitenda. Mwajiri hubeba dhima kwa makosa ya mfanyakazi wake aliyoyafanya kazini, hata kama mwajiri alikuwa amelala nyumbani kwake.

Neno "usuluhishi"

Wakati wa kuingia katika makao ya uuguzi nchini Marekani, mkazi au jamaa yake aghalabu hupewa karatasi nyingi za kutia sahihi. Miongoni mwao huweza kuwamo mapatano kwamba ugomvi wowote utakaotokea hautapelekwa mahakamani, bali utaamuliwa na mtu wa kati ambaye uamuzi wake ni wa mwisho. Mapatano haya yana nguvu kubwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi wa mahakama ya Kentucky, ambayo ilikuwa imekataa kuyatambua mapatano yaliyotiwa sahihi na jamaa wenye hati ya uwakili isiyotaja wazi uwezo wa kuacha haki ya kwenda mahakamani.

Katika Kiswahili mapatano hayo mara nyingi huitwa "mapatano ya usuluhishi". Kwa maoni yetu hili ni kosa la hatari kuliko yote tuliyoyataja. Usuluhishi watokana na suluhu. Msuluhishi tunayemjua sisi ni mzee wa baraza, anayewakalisha wagomvi wawili na kuwasihi mpaka wakubaliane. Wasipokubaliana, kila mmoja huinuka na haki yake mkononi, na mlango wa mahakama bado u wazi. Mtu gani mwema atakataa kutia sahihi kwamba yuko tayari kusuluhishwa? Atatia sahihi kwa furaha, naye atakuwa ameifunga njia ya mahakama bila kujua.

Tofauti hii imekwisha kutambuliwa hapa kwetu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 nchini Tanzania iliunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jina hilo limeyataja mambo mawili kwa sababu ni mawili kweli: kwanza wahusika husuluhishwa, na suluhu ikishindikana mgogoro huamuliwa. Basi mapatano yale ya makao ya uuguzi yaitwe "mapatano ya uamuzi nje ya mahakama", na mfasiri aongeze sentensi moja ya wazi kwamba atiaye sahihi anaiacha haki ya kusikilizwa na mahakama.

Hatuombi hisani. Kanuni za serikali ya shirikisho zilizotolewa mwezi Julai 2019 kwa makao yanayopokea fedha za Medicare na Medicaid zinataka mapatano hayo yaelezwe kwa namna na kwa lugha ambayo mkazi anaielewa. Zinakataza kuyafanya kuwa sharti la kupokewa katika makao. Na zinampa aliyetia sahihi siku 30 za kuyatangua. Karatasi ya Kiswahili inayosema "usuluhishi" ni ya Kiswahili kwa sura, lakini ni vigumu kusema kwamba imeelezwa kwa lugha inayoeleweka.

Fidia, madhara, na kifo

Tuyapitie kwa ufupi maneno mengine matatu.

La kwanza ni "uharibifu". Kiingereza hutumia neno moja katika umoja kwa maana ya madhara, na katika wingi kwa maana ya fedha zinazolipwa kwa ajili yake. Mfasiri asiyeiona tofauti hiyo huandika kwamba mzee "anaomba uharibifu". Yafaa tuseme "madhara" kwa kilichoupata mwili, "hasara" kwa kilichopotea mfukoni, na "fidia" kwa malipo. Na fidia isichanganywe na malipo ya huruma. Nchini Tanzania serikali humlipa mwananchi ambaye shamba lake limeliwa na tembo "kifuta jasho", na jamaa wa aliyeuawa na mnyama mkali hulipwa "kifuta machozi". Kanuni husika za mwaka 2011 hazikuyafanya malipo hayo kuwa fidia. Hapo lugha yetu imeonyesha ustadi. Kifuta machozi hutolewa na mwenye huruma, lakini fidia hutolewa na mwenye dhima. Makao ya uuguzi yakimpa binti "mkono wa pole" na kumtaka atie sahihi kwamba hana dai jingine, mfasiri asiandike "fidia" mpaka aulize ni kipi kati ya hivyo viwili kinachotolewa.

La pili ni "mshtakiwa". Hilo ni la jinai. Katika shauri la fidia wako "mdai" na "mdaiwa". Mhudumu akipelekewa karatasi yenye neno "mshtakiwa" atadhani anakwenda gerezani, naye akiwa na hofu hiyo hatatoa ushahidi wa kweli juu ya uchache wa wafanyakazi, hali yeye ndiye aujuaye zaidi.

La tatu ni "kifo cha kimakosa", ambalo ni tafsiri ya neno kwa neno. Katika Kiswahili, jambo lililofanywa kimakosa ni lile lisilokusudiwa, ambalo twaomba lisamehewe. Sheria ina maana iliyo karibu na kinyume chake: kifo ambacho mtu mwingine ana dhima nacho. Yafaa tuandike "kifo kilichosababishwa na kosa la mwingine".

Hoja za wapinzani

Twajua kwamba yatakuwapo mapingamizi. Wengine watasema kwamba "uzembe" umekwisha kuzoeleka, na lugha ni mazoea. Hatukatai. Neno hilo libaki katika jinai na katika nidhamu ya kazi, ambako tabia ya mtu huulizwa kweli. Tunachokataa ni kuliingiza katika madai ya fidia.

Wengine watatukumbusha neno "taksiri", lililomo katika kamusi za zamani, ambalo katika Kiarabu maana yake ni kupungukiwa katika kutimiza linalompasa mtu. Kwa maana, hilo lingetufaa kuliko yote. Lakini wasomaji wengi wa leo hawalijui, na katika Kiswahili limeelekea kwenye maana ya kosa kwa jumla. Istilahi ya mwanasheria yaweza kungoja ijifunzwe. Istilahi ya mzee aliyelala na kidonda yapasa ieleweke leo.

Wengine watasema kwamba "ukiukaji wa wajibu wa hadhari" ni refu mno. Ni refu, naam. Lakini kila neno ndani yake linafanya kazi: wajibu ni swali la kwanza la sheria, ukiukaji ni la pili, na hadhari ni kipimo. Katika hati yenyewe litajwe kwa ukamilifu mara ya kwanza, kisha "ukiukaji" peke yake litatosha.

Mwisho tungependa kuwakumbusha wafasiri jambo moja ambalo halihusu uzuri wa lugha. Madai haya yana ukomo wa muda. Nchini Tanzania na Kenya dai la madhara ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Huko Kentucky dai la kuumizwa mwili lina mwaka 1 tu. Msomaji aliyepotoshwa na neno moja huenda akagundua maana yake baada ya muda huo kupita, wala hakuna mahakama itakayomrudishia siku zake kwa sababu tafsiri ilikuwa mbaya. Walimu wayajaribu mapendekezo haya madarasani, watumishi wa serikali wayapime katika fomu zao, na wafasiri watuandikie pale wanapoona tumepungukiwa. Wakati huo huo, atakayepewa kesho mapatano ya makao ya uuguzi ayafasiri, tunamwomba aanze na ile sentensi ya siku 30, naye aiweke mahali ambapo mzee ataiona kabla ya kushika kalamu.